KUPUMZIKA SI KUTEGA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Jumamosi asubuhi, kabla ya mchezo wa mpira baina ya wazee na wanafunzi)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani na wa sasa, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu ambao leo mnalala katika vitanda tulivyoviacha sisi:

Barua ya Kamati iliniomba nizungumze juu ya mazoezi na afya ya mtu mzima. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu wizarani kwetu mimi ndiye mratibu wa michezo, kazi isiyo na posho lakini yenye lawama nyingi. Mimi si daktari. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma, kwa kuwauliza wanaojua, na kwa kuwatazama watumishi wenzangu kila mwaka wanapojiandaa kwa michezo ya SHIMIWI.

Ndugu Mwenyekiti, juu ya faida za mazoezi sitawachosha. Wazazi wetu walielezwa kwa redio tangu mwaka 1973, katika kampeni ile ya Mtu ni Afya, kwamba afya ya mtu iko mikononi mwake mwenyewe, na wengi wetu tumelielewa hilo. Siku hizi mijini karibu kila mtaa una jimu yake, na Jumamosi alfajiri barabara zinajaa vikundi vya jogingi vilivyovaa fulana za rangi moja. Hilo ni jambo jema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Asiyefikia kipimo hicho ajitahidi akifikie, wala asiifanye hotuba yangu kuwa kisingizio cha kubaki kwenye kochi.

Leo nataka kusema na yule mwingine: yule aliyekwisha kuamka, akaanza, akanogewa, na sasa hajui kusimama. Watu wa namna hiyo tunao wengi katika Umoja huu, na nadhani najua sababu yake. Sababu hiyo iko hapa hapa shuleni.

Kila aliyepita hapa analikumbuka neno "mtegaji". Kengele ililia kabla ya mapambazuko, tukatoka mabwenini na usingizi machoni kwenda mchakamchaka, na yeyote aliyebaki kitandani alikuwa mtegaji. Aliyesema anaumwa kichwa alikuwa mtegaji mpaka zahanati ithibitishe vinginevyo. Aliyekwenda polepole kwenye kazi ya shamba alikuwa mtegaji, na jina hilo lilimfuata mpaka Kidato cha Nne. Methali tulizofundishwa zilikuwa za upande mmoja: ajizi nyumba ya njaa, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hizo ni za kweli na zimetufikisha tulipo. Sina ugomvi na malezi hayo, na Mwalimu wetu wa michezo, ambaye ameketi mbele yangu, anajua jinsi tunavyomheshimu. Lakini tulikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Tulikimbia alfajiri, tukalima mchana, tukacheza mpira jioni, kisha saa nne usiku taa zikazimwa kwa lazima, tukalala. Mapumziko yetu yalisimamiwa na kiranja. Leo tuna miaka arobaini na kitu, hofu ya kuitwa mtegaji bado tunayo, lakini kiranja wa kuzima taa hatunaye tena.

Nitatoa mfano. Mwenzetu mmoja, ambaye yumo humu ukumbini, ameniruhusu nilieleze jambo lake bila ya kumtaja jina. Baada ya miaka mingi ya kukaa ofisini alijiunga na jimu mwezi Januari. Wiki ya kwanza alikwenda siku tatu. Wiki ya tatu alikwenda kila siku. Mwezi wa pili alikwenda asubuhi na jioni. Kijana aliyekuwa akimfundisha alimsifu mbele ya watu, na ninyi mnajua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kisha akapata homa. Akameza vidonge vya maumivu, akaenda hivyo hivyo, na siku hiyo kazi ilikuwa ya kuchuchumaa na kuinuka akiwa na chuma mabegani, mara nyingi kuliko alivyowahi kufanya, katika chumba chenye joto kali. Siku ya pili yake mapaja yalivimba yakawa magumu kama gogo. Alipokwenda haja ndogo aliona mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Huko hospitali walimweleza kwamba nyuzi za misuli zilikuwa zimevunjika kwa wingi na kumwaga vitu vyake ndani ya damu, na figo zilikuwa zimeelemewa kwa kuvichuja. Alisafishwa damu kwa mashine. Kwa rehema za Mungu figo zilirudi kufanya kazi, naye leo yuko nasi.

Nilipomtembelea wodini nilimuuliza kwa nini hakupumzika walau siku ile ya homa. Alinijibu kwa sauti ndogo kwamba hakutaka vijana wa pale wamwone mtegaji. Ndugu zangu, tangu siku hiyo nimeona jambo hili si la mzaha.

Sasa yafaa tuulize: hivi mazoezi humjenga mtu namna gani? Wengi wetu tunadhani kwamba misuli hujengwa pale pale tunapoinua chuma. Sivyo. Tunapoinua chuma au kukimbia, misuli huchoka, nyuzi zake hupata michubuko midogo sana, na akiba ya wanga iliyomo ndani yake hutumika. Mtu anayetoka jimu ni dhaifu kuliko alivyoingia. Ujenzi huanza baadaye, anapokula, anapotulia na hasa anapolala. Akiba ile ya wanga huhitaji takriban siku nzima na chakula cha kutosha ili ijae tena. Ukarabati wa misuli huendelea kwa saa 24 hadi 48, na baada ya kazi ngumu sana huzidi hapo. Maumivu yale ya misuli ambayo huyahisi baada ya kuanza zoezi jipya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Mwili ukimaliza kazi hiyo huongeza kidogo juu ya ulivyokuwa, na nyongeza hiyo ndiyo nguvu tunayoitafuta. Ukirudi kuubomoa kabla haujamaliza kujenga, unafanana na mtu anayevunja ukuta kila asubuhi kabla saruji haijashika, kisha analaumu matofali.

Liko na jambo la kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa. Kano hazipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo hujengeka polepole zaidi. Mtu wa makamo akianza mazoezi, baada ya wiki sita misuli yake humwambia kwamba anaweza kuongeza mzigo, ilhali kano za kisigino, za goti na za bega bado ziko nyuma. Kamba hukatikia pabovu. Ndiyo maana mtu hujisikia ana nguvu kuliko wakati wowote, na wiki hiyo hiyo anachechemea.

Wataalamu walianza zamani kulitazama jambo hili. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal huko Kanada, alieleza kwamba mwili unaopata dhiki hupita hatua tatu: kwanza hushtuka, pili hupambana na kuizoea dhiki, na tatu, kama dhiki haikomi, huishiwa. Mwaka 2013 vyama viwili vya wataalamu wa tiba na sayansi ya michezo, kimoja cha Ulaya na kimoja cha Marekani, vilitoa tamko la pamoja juu ya kuzidisha mazoezi. Walitofautisha daraja tatu. Daraja la kwanza ni uchovu wa makusudi, ambao mtu hupumzika siku kadhaa hadi wiki moja au mbili akarudi na nguvu zaidi. La pili ni uchovu usio na faida, ambao huchukua wiki hadi miezi kupona. La tatu ni kuvunjika kabisa kwa mwili na moyo wa kufanya mazoezi, na kupona kwake kwaweza kuchukua miezi mingi, hata miaka. Na katika daraja zote hizo hakuna sindano wala kidonge cha kuondoa uchovu huo. Dawa ni mapumziko. Tofauti ni kwamba aliyepumzika mapema hulipa siku tatu, na aliyechelewa hulipa mwaka.

Ndugu Mwenyekiti, najua kuna mtu hapa ambaye moyoni anasema: "Mbona John Stephen Akhwari hakupumzika?" Ni swali la haki, kwa kuwa hapana mwanafunzi wa Kitanzania asiyesimuliwa habari zake. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathon ya Olimpiki huko Mexico, Akhwari alianguka na kuumia goti. Akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, wakati watazamaji wengi walikwisha kuondoka. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, na watu 75 ndio walioanza. Kisa hicho kinastahili heshima yote kinayopewa.

Lakini tukisome vizuri. Siku ile ilikuwa siku ya mashindano, tena ya Olimpiki, ambayo huja mara moja katika miaka minne, na kifuani alikuwa na jina la nchi. Haikuwa Jumanne ya kawaida ya mazoezi. Na sehemu ya pili ya kisa ndiyo ambayo hatusimuliwi: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikimbia marathon kwa saa 2 na dakika 15 na kushika nafasi ya tano. Goti bovu halimfikishi mtu huko. Goti lile lilipewa nafasi ya kupona. Sisi tumechukua siku moja ya ushujaa wake tukaifanya ratiba ya kila siku, tena bila ya Olimpiki.

Mfano mwingine ni wa Emil Zatopek wa Chekoslovakia ya wakati ule, mtu aliyesifika kwa mazoezi makali kupita wote wa zama zake. Mwaka 1950, muda mfupi kabla ya mashindano ya Ulaya huko Brussels, alilishwa chakula kibovu akalazwa hospitali. Kwa siku zile zote hakuweza kukimbia. Alitoka siku chache tu kabla ya mashindano, akaenda Brussels akashinda mbio za mita 10,000 na za mita 5,000, na kuwaacha wenzake mbali. Mapumziko ambayo asingejipa mwenyewe alipewa na ugonjwa. Simshauri mtu ale nyama iliyooza ili apumzike, lakini makocha walijifunza. Leo mkimbiaji wa marathon hupunguza mazoezi yake wiki mbili au tatu kabla ya siku ya mbio, wengine hadi nusu ya kilometa walizozoea, ili afike akiwa mpya.

Na tukitaka mfano wa siku za karibuni tunaye wa kwetu. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika riadha, kwa kushinda marathon ambayo yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na mshindi akajulikana kwa picha. Mwezi Aprili mwaka huo huo alikuwa wa pili huko Boston. Baina ya mbio hizo mbili ilipita takriban miezi mitano. Wakimbiaji wa daraja lake kwa kawaida hukimbia marathon mbili au tatu tu kwa mwaka mzima. Sasa tazameni mtumishi wa umri wetu, mwenye ofisi, watoto, foleni za magari na mikopo, anayetaka kukimbia kilometa 21 kila mwisho wa wiki kwa sababu kila wiki kuna mbio za hisani zenye medali. Nani kati ya wawili hao anajua zaidi?

Hata mlima wetu unafundisha jambo hilo. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hupita Mandara, akafika Horombo kwenye mita 3,720, na wengi hukaa hapo siku moja ya ziada kabla ya kuelekea Kibo. Hawakai kwa uvivu. Wanauacha mwili uzoee hewa nyepesi. Waongozaji wa mlima huwaambia wageni neno moja tangu getini: polepole. Mara nyingi wanaopuuza neno hilo ni vijana wenye nguvu, na wengine wao huteremshwa kwa machela.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: mtu atajuaje kwamba leo ni siku ya kupumzika, na si uvivu tu? Swali hili ni gumu, kwa kuwa uvivu na uchovu huvaa nguo moja. Nitataja dalili ambazo kila mtu anaweza kuzipima bila ya gharama.

La kwanza ni mapigo ya moyo. Asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Andika. Fanya hivyo wiki mbili mpaka ujue kawaida yako. Ukiona siku mbili tatu mfululizo yamezidi kawaida kwa mapigo matano hadi kumi, mwili una kazi nyingine unayoifanya, usiuongezee.

La pili ni usingizi. Mtu aliyefanya mazoezi ya kiasi hulala vizuri. Aliyezidisha huchoka mno, kisha usingizi haupati, au huamka saa tisa usiku akaangalia dari. Watu wazima tunahitaji saa saba au zaidi. Aliyelala saa nne kwa siku tatu, kisha akaamka saa kumi alfajiri kwenda kuinua vyuma, anakopa kwa riba kubwa.

La tatu ni hasira na ukosefu wa hamu. Mkeo akikuuliza kwa nini siku hizi hauulizwi kitu, usimjibu kwa ukali. Msikilize, kwa maana ameona dalili kabla yako. Hali kadhalika chakula kikipoteza ladha, na mafua yakija moja likiondoka lingine.

La nne ni kurudi nyuma. Uzito uliouinua kwa urahisi mwezi uliopita leo unakushinda, au kilometa tano zinachukua muda mrefu zaidi ilhali unakazana zaidi. Hapa ndipo wengi hupotea. Wanaona wamepungua, wanasema "sijitumi vya kutosha", wanaongeza. Ngoma ikilia sana hupasuka.

La tano ni maumivu ya mahali pamoja. Misuli kuuma pande zote mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida, na hupungua baada ya siku tatu. Maumivu ya upande mmoja, ya kwenye kiungo au mfupa, yanayozidi kila unapoendelea, ni taarifa. Usiifiche kwa vidonge.

Na ikiwa bado huna hakika kama ni uvivu au uchovu, kuna njia moja rahisi. Vaa viatu, nenda, pasha mwili joto kwa dakika kumi polepole. Uvivu huisha hapo hapo. Utaona mwili umefunguka na utaendelea kwa furaha. Uchovu wa kweli hauishi. Baada ya dakika kumi miguu ni mizito kuliko ulivyoanza. Basi geuza urudi nyumbani, na usione haya. Umekwenda, umeuuliza mwili, umekujibu. Mtegaji haulizi.

Yako mambo mawili ambayo hayahitaji dakika kumi. Moja ni homa. Homa ikiwapo, mazoezi hayapo, iwe ni malaria au mafua makali. Baadhi ya virusi huweza kushambulia misuli ya moyo, na kukimbia wakati huo ni kuuhatarisha moyo wenyewe. Vidonge vya maumivu, hasa vile vya diklofenaki na ibuprofeni, hupunguza homa lakini haviondoi ugonjwa, na kwa mtu aliyeishiwa maji katika mazoezi makali vinaweza kuzidhuru figo. La pili ni kifua. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, kizunguzungu, au pumzi kukata kuliko kawaida, si jambo la kupumzika nyumbani. Simama hapo hapo, upelekwe hospitali. Tena kumbukeni kwamba shinikizo la damu halina dalili kwa wengi wetu. Ambaye hajui kipimo chake, na yuko katika umri huu wetu, akapime kabla ya kulipa ada ya jimu.

Labda mtu ataogopa kwamba akipumzika wiki moja atapoteza yote aliyoyachuma. Hapana. Mtu aliyefanya mazoezi kwa miezi haporomoki kwa wiki moja. Nguvu za misuli hudumu wiki kadhaa, na pumzi nayo huanza kupungua kidogo kidogo baada ya siku kumi hivi. Wakulima wetu walijua kwamba shamba lililolazwa msimu mmoja halikupotea. Liliporudiwa, lilizaa.

Wizarani kwetu tulilijaribu jambo hili. Zamani desturi yetu ilikuwa kukaa miezi kumi na moja bila ya zoezi, kisha wiki mbili kabla ya SHIMIWI timu ya kuvuta kamba na ya mpira hufanya mazoezi asubuhi na jioni kila siku. Tulifika kwenye michezo na bandeji nyingi kuliko jezi. Tukabadilisha: tukaanza wiki kumi kabla, siku nne kwa wiki, wiki ya nne na ya nane zikawa nyepesi, na wiki ya mwisho ikawa ya kunyoosha viungo na kulala. Wapo walionung'unika kwamba tunawafuga watu. Hatukuleta kombe mwaka ule, na sitaki kuwadanganya. Lakini kila aliyepanda basi kwenda alicheza, na kila aliyecheza Jumatatu iliyofuata alikuwa mezani kwake akifanya kazi ya umma.

Ndugu Mwenyekiti, kabla ya kumaliza nina mapendekezo matatu.

Kwanza, mchezo wa jioni ya leo. Sote tunajua jinsi unavyokwenda: wazee wanaingia kwa vifijo, wanataka kuwaonyesha vijana, na baada ya robo saa wawili wanatolewa kwa kubebwa. Napendekeza vipindi viwe vya dakika ishirini, kubadilishana wachezaji kusiwe na kikomo, na muuguzi wa shule awapime shinikizo la damu wazee wote kabla ya kuvaa viatu. Atakayeambiwa asicheze akae jukwaani kwa heshima zote, na yeyote atakayemtania anunue soda za timu nzima.

Pili, kwa Ndugu Mkuu wa Shule: mchakamchaka udumu, kwani umetujenga. Lakini naomba mwanafunzi anayesema ana homa apelekwe zahanati kwanza, na neno "mtegaji" lisubiri mpaka majibu yatoke. Afadhali watoto kumi watege asubuhi moja kuliko mmoja akimbie na malaria.

Tatu, kwa kila mmoja wetu: katika ratiba yako ya wiki andika siku ya kupumzika kwa wino ule ule unaoandikia siku za mazoezi, na uitimize kwa nidhamu ile ile. Misuli uliyoichosha leo iachie saa 48 kabla ya kuichosha tena. Wiki moja kati ya nne au tano iwe nyepesi.

Ndugu zangu, shule hii ilitufundisha kuanza jambo na kulimaliza. Hilo tulilishika. Umri nao umekuja na somo lake, kwamba anayetaka kumaliza safari ndefu sharti ajue mahali pa kutua mzigo. Tuna watoto wa kusomesha, tuna wazazi wa kutunza, na tuna mikutano mingi ya Umoja huu iliyo mbele yetu, ambayo ningependa tuihudhurie kwa miguu yetu wenyewe.

Kwa maneno hayo machache namrudishia Ndugu Mwenyekiti nafasi yake.